Movie ya wauaji ilivyoniongelesha na mkwe niliyemnunia

Vijana wa humu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Sijasoma sana, naandika ninavyoongea. Ila siongezi chumvi. Anayebisha aje kwetu Misigiri.

Binti yangu Neema alirudi nyumbani amenuna. Mumewe alimchinja jogoo wa Neema bila kumuuliza, akawalisha rafiki zake. Nikaapa, huyo mkwe sitamjibu neno hadi alete jogoo mwingine.

Jumapili mchana akaja. Mikono mitupu.

Kwetu mkwe hakai sebule moja na mama mkwe. Akabaki nje, dirishani. Sisi tukaendelea na movie ya kwenye flash, imetafsiriwa Kiswahili.

Jamani, ile movie!

Wauaji wanne wametumwa kumuua bibi mmoja, kila mmoja kivyake, wanakutana jikoni kwake. Wanagombania nani aanze. Bibi anawaambia wanawe mikono, chai tayari.

Mtu anakufa, unacheka. Unajisuta, unacheka tena. Na hakuna steringi mmoja wa kuibeba movie, wote masteringi. Yule bibi akinyamaza tu, wauaji wanatoka jasho.

Nje nako nasikia mtu anacheka. Nikakaza uso.

Vikombe vinne mezani, kimoja kina sumu. Wauaji wakanyanyua.

Umeme ukakatika.

"Neema, muulize huyo wa nje kama anaijua."

"Mama, mimi siongei naye."

"Nimekwambia uliza!"

Akauliza, kwa shingo upande. Sauti ikaingia dirishani: "Mwambie mama shikamoo. Movie naijua yote. Ila sitamki mpaka nijue kama narudi na mke wangu."

Mnaona ujeuri huo?

Neema akafyatuka kucheka. Siku zote hizo alikuwa hajacheka.

Nikasema kwa sauti, nimeutazama ukuta: "Marahaba. Mkeo keshacheka, mchukue. Jogoo nitamsubiri. Haya, nani alikunywa?"

Akatusimulia, na sauti za wauaji akaziiga. Mwisho siwaambii, mkaangalie wenyewe.

Nilichojifunza: kinyongo hakikai nyumba moja na movie nzuri. Ninyi mnaokaa na wakwe, semeni yenu hapa chini, kwa adabu.

Wa nyumbani kwangu nimeshawaamuru: mkwe akija, mpeni kiti pale dirishani. Na anayeijua movie afunge mdomo.