Sanduku la Fundi Yosia

Kuna sauti moja inayoweza kuniondoa mahali hata kama chai yangu bado ina moto. Ni sauti ya tupa ikipita juu ya chuma. Nimeikimbia Makambako, nimeikimbia Kahama, na juzi juzi niliikimbia Tunduma, nikamwacha mama ntilie akishangaa mteja gani huyu anayelipa chapati mbili na kula nusu. Wanaonijua husema sikai mahali, na ni kweli. Nimeuza vitunguu, nimepika kwenye kambi za wajenzi wa barabara, nimekata tiketi stendi, na shule niliiacha kidato cha pili. Lakini hili la tupa ni jambo lingine. Nawaeleza ninyi kwa kuwa hamnijui.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari Arusha. Tulikaa Ngarenaro, chumba na sebule, na baba alinukia dizeli hata Jumapili kanisani, dizeli iliyochanganyika na sabuni ya mche. Giaboksi ndiyo ilikuwa kazi yake. Tukitembea naye barabarani na gari likipita, aligeuza shingo na kusema, "Gia ya tatu hiyo, mwezi haumalizi." Mimi niliamini anaona kupitia bati. Tatizo lake lilikuwa moja. Alifanya kazi kwa spana za kuazima, na fundi wa kuazima husubiri wenzake wamalize.

Nilipokuwa darasa la tano ikatokea nafasi kwenye gereji moja kubwa iliyotengeneza magari ya watalii. Walitaka fundi wa giaboksi wa kudumu, na sharti lilikuwa aje na sanduku lake la spana, lililokamilika. Kiongozi wa mafundi pale, mtu mpole wa sauti aliyeitwa Mzee Lazaro, alimpa baba wiki tatu. Nyumbani hatukuzungumza kitu kingine. Hata mama, ambaye hakujua spana na koleo vina tofauti gani, alianza kuombea sanduku kabla ya kula.

Baba alipokwenda kuchagua, nilimng'ang'ania mpaka akanichukua. Mimi nilikuwa mtoto wa kugusa. "Upendo, macho yako yako kwenye vidole," mama alizoea kuniambia, na hakuwa ananisifu.

Tulianzia kwenye uwanja mmoja mjini uliouza vyuma vya mtumba kutoka Ulaya. Pale katikati ya friji na baiskeli za watoto lilisimama sanduku jekundu, droo saba, magurudumu manne, linang'aa kama tufaha. Nilishalipenda kabla hatujalifikia. Baba hakulitazama usoni hata kidogo. Alipiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya droo ya chini kabisa, mahali maji hukaa, akautoa na kunusa vidole. Akavuta kila droo hadi mwisho, akaiegemea kwa kiganja, akaisukuma irudi kwa kidole kimoja huku amefumba macho. Kisha akavuta droo tatu za juu kwa pamoja, na sanduku zima likainama kumfuata.

Muuzaji, kijana wa kofia, alichoka kumwangalia. "Mzee, unanunua sanduku au unaoa?"

"Kuoa nilioa haraka," baba akasema, bado yuko magotini. "Ndiyo maana leo sina haraka."

Maneno hayo niliyapeleka kwa mama jioni ile ile, na baba alikula ugali umepoa. Lakini pale uwanjani alinivuta kando akanieleza kama mtu mzima mwenzake: rangi ilikuwa mpya, kutu ilikuwa ya zamani, reli za droo zilipinda, na likijazwa spana lingekuja kumwangukia mtu miguuni. "Rangi haifungui nati," akasema. Niliondoka nikigeuka nyuma kulitazama sanduku langu jekundu.

La pili lilikuwa Makumira, kwa mjane. Mumewe, fundi Yosia, alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Baba alimfahamu, kama mafundi wote walivyomfahamu. Tulipofika mama yule alitupa kwanza loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, akasubiri tumalize, ndipo akafungua stoo. Sanduku lilikuwa la rangi ya majivu, limekwanguka pembeni, la hovyo mbele ya macho yangu. Lakini baba alipovuta droo ya kwanza nilisikia pumzi yake ikibadilika. Droo ilitoka kama inateleza juu ya maji. Ndani, spana zililala kwa ukubwa wake, zimepakwa grisi na kufunikwa kwa kipande cha kanga. Baba aliinua moja, akaitazama mdomo kama anatazama meno ya mbuzi, maana spana iliyotanuka mdomo hula nati. Hakuna iliyokuwa imetanuka. Na kwenye shingo ya kila spana palikuwa na alama: mikato miwili ya tupa na nukta moja katikati.

"Hii alikuwa nayo tangu Olmotonyi, akitengeneza matrekta ya msitu," mjane akasema, akigusa namba kumi na tisa.

"Naijua, mama," baba akasema. "Alama ya Yosia inajulikana kuanzia Usa River hadi Ngaramtoni."

Alichagua lile. Tukalileta kwa pikapu ya rafiki yake, na mama akaliweka sebuleni, akalifunika kitambaa cha kufuma na kuweka juu yake maua ya plastiki. Kwa siku kadhaa tuliishi nalo kama na mgeni wa heshima. Baba alipanga kulipeleka gereji Ijumaa. Kwa mafundi wa Arusha wakati ule, fundi mpya alifungua sanduku lake mbele ya wenzake siku ya kwanza, na hapo hapo akapiga alama yake kwenye spana zake, wote wakiona, ili asije mtu akasema hakuijua.

Sasa niwaambie kuhusu sweta. Mwaka ule nilivaa sweta la shule la binamu yangu, lililoshonwa jina lake kifuani kwa uzi mweupe, na wenzangu waliniita kwa jina hilo muhula mzima, hata wakati wa kuitika mahudhurio. Mama alikuja kuufumua uzi ule kwa wembe, na siku niliyokwenda shule na kifua kitupu nilijiona nimezaliwa upya. Kwa hiyo nilipoziangalia zile spana, zote zikiwa na jina la mtu mwingine shingoni, nilimwonea baba aibu. Nikawaza watakavyomcheka. Ufunguo niliujua ulipo, na tupa ilikuwemo kwenye droo ya tano.

Ilinichukua alasiri tatu, nikitoka shule, mama akiwa sokoni. Spana ishirini na tatu. Nilizibana kwa magoti na kusugua mpaka viganja vikachubuka, unga wa chuma ukaniingia puani, na nikawa natema mate ya kijivu. Nilipomaliza nilizipaka grisi, nikazilaza kwa mpangilio na kuzifunika kanga yake. Nilifurahi kiasi kwamba usiku sikuweza kula. Nilimsubiri baba arudi Ijumaa na kushangaa.

Alirudi saa nne asubuhi.

Nilichokuwa sijui, na ambacho baba hakunieleza kwa sababu hakuwahi kudhani kuna mtu asiyekijua, ni kwamba alama ya fundi haifutwi. Ukinunua spana ya mtu, unaiacha alama yake na kupiga yako pembeni. Spana yenye alama mbili ni safi, imepita mkono kwa mkono. Spana iliyosuguliwa shingo ina maana moja tu: imeibwa. Mzee Lazaro aliichukua namba kumi na tisa mbele ya mafundi kumi, akapitisha kidole gumba pale palipokwanguliwa, akampa aliye pembeni yake, naye akampa mwingine. Ilizunguka wote ikamrudia. Baba alisema twende Makumira, mjane yupo. Mzee Lazaro akamjibu taratibu, "Mjane atasema alikuuzia sanduku. Lakini spana isiyo na alama ataitambuaje?"

Baba aliniita chumbani. Hakuuliza kwa ukali. Nikamwambia kila kitu, na la sweta pia. "Nilitaka ziwe zako," nilisema. Akaniwekea mkono kichwani. "Nimewaomba waje kesho. Utawaambia hivi hivi ulivyoniambia. Hakuna atakayekugusa."

Walikuja Jumamosi mchana, Mzee Lazaro na fundi mmoja wa gereji. Mama aliwapa chai. Nilisalimia shikamoo mbili, nikasimama karibu na mlango. Baba akasema, "Upendo, waeleze wazee."

"Usimwongoze, Baba Upendo," akasema Mzee Lazaro. Akanigeukia na ile sauti yake laini, ya mtu anayempa mtoto pipi. "Binti yangu, mtu anayefuta alama kwenye spana za watu anafungwa. Unajua jela?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba najua.

"Haya. Nani alizisugua hizi?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Niliona ukuta mrefu wa gereza na mimi ndani yake, na sweta langu. Niliweka mikono nyuma.

"Si mimi," nikasema. "Sijui."

Mama aliweka birika chini kwa nguvu. Mzee Lazaro alinywa chai yake yote, akashukuru, akasimama. Nilimtazama baba nikijua kipigo kinakuja na kwa kweli nilikitamani. Hakunipiga. Hakunitazama hata. Aliwasindikiza wageni mpaka barabarani, kama desturi inavyotaka, na aliporudi alitoa maua ya plastiki juu ya sanduku, akayaweka dirishani.

Habari ilisambaa kabla ya Jumatatu. Hata wale waliokuwa wakimwazima spana wakaanza kusema zote ziko kazini. Sanduku aliliuza tupu, na spana zikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa mizani, maana hakuna fundi angezigusa. Tulihamia Kikatiti kabla ya mwaka kwisha. Kule baba alitengeneza baiskeli, pampu za maji na mashine za kusaga, na hakunusa tena giaboksi ya gari la maana. Hakuwahi kulitaja jambo lile, na mimi nilijifunza kukaa mbali naye, kwanza chumba kimoja, kisha wilaya, kisha mikoa.

Nimekuwa mtu mzima kabla sijapata ujasiri. Mwaka jana nilipita Arusha na lori la vitunguu, nikaulizia, nikaelekezwa Sakina kwa Mzee Lazaro. Nilimkuta ameketi nje, miguu imevimba, anaota jua. Nilimsalimia kwa heshima, nikajitaja, nikamwambia ukweli wote kwa pumzi moja: ni mimi niliyezisugua, na nilidanganya.

Alinitazama kama mtu aliyeletewa gazeti la jana.

"Tulijua, mwanangu," akasema. "Mwizi anasugua mara mbili tatu, anapaka moshi pasionekane, basi. Zile zilikwaruzwa kama ubao wa darasani. Kazi ya mtoto ile. Halafu ukaja umeficha mikono nyuma."

Nikamuuliza kwa nini basi.

"Mpwa wangu alikuwa anaitaka ile nafasi," akasema. Hakusema kwa kujivuna wala kwa majuto. Akaniuliza kama nitakunywa soda.

Sikunywa. Niliteremka kwenye lami, nikapanda gari la Kikatiti, na njia nzima nilikuwa na hasira tamu. Nikajiambia, kumbe sikuwa mimi. Walikuwa wameshaamua kumnyima kazi, mimi nilikuwa mtoto tu, walinitumia. Nilitaka kumfikishia baba habari hiyo kama mtu anayepeleka zawadi. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amefungua pampu ya mtu, mvi zimemjaa hadi masikioni. Nikamwambia: walijua, baba. Tangu siku ile walijua.

Aliendelea kufungua boliti aliyokuwa nayo mpaka ikatoka. Akaiweka kwenye kopo.

"Hata mimi nilijua kwamba wanajua," akasema. "Lazaro alipoishika ile spana nilimwona. Kazi nilishaikosa kabla hawajaingia kwangu."

"Sasa kwa nini uliwaita nyumbani?"

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, akichukua muda kama mtu asiye na haraka.

"Nilitaka mtu mmoja aseme ukweli mle ndani," akasema. "Nikakuita wewe."

Kisha akaniuliza kama nimekula, na nikasema ndiyo, ingawa sikuwa nimekula. Miaka yote nilikuwa nimebeba mzigo wa kumnyima baba kazi, na mzigo huo Mzee Lazaro aliutua kwa maneno machache, amekaa kwenye kiti chake. Kazi waliichukua wengine. Nilichomnyima mimi kilikuwa kitu kingine, kidogo, cha neno moja tu, na hicho nilikichukua peke yangu, bila msaada wa mtu.