Tano Hugawanyika kwa Njia Mbili

Mvua ya Tukuyu ikipiga bati, mwalimu anaacha kusema. Ndivyo tulivyosoma: kishindo juu ya paa, chaki ubaoni, na sisi tunanakili bila kusikia neno. Siku hiyo, nikiwa darasa la tano, nilikuwa situlii, kana kwamba siafu wameniingia kwenye sketi. Mwalimu alikuwa akizivunja namba mpaka zibaki tasa tupu: thelathini ikawa mbili mara tatu mara tano. Kisha akaizungushia tano duara, akaandika kando yake kwamba hugawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Wenzangu waliona hesabu. Mimi niliwaona ndugu zangu, maana nyumbani tulikuwa watoto watano, na jioni ile ukoo ulikuwa unakaa kutugawa.

Mama alikuwa amemfuata baba kaburini. Matanga yalikuwa yameanuliwa, na kwetu wakubwa hawatawanyiki kabla hawajajua nani anamchukua nani. Mpango nilikuwa nimeusikia jikoni: kila ndugu wa wazazi wetu achukue mtoto mmoja. Mimi nipelekwe kijiji cha Kisiba, na Lusajo, kitinda mimba wetu, cha Matwebe. Lusajo ambaye hakuwa analala bila kushika sikio langu! Niliogopa, tena nilikasirika, maana walitupanga kwa sauti ileile wanayogawia machipukizi ya migomba. Kengele ilipolia nilikimbia na matope yangu mpaka sebuleni, nikapiga magoti mbele ya baba mkubwa, aliyekuwa anaongoza kikao. Mtoto hasemi kwenye kikao cha ukoo. Nilipiga moyo konde.

“Baba mkubwa, samahani. Watano wana njia mbili tu. Kila mtu nyumba yake, au wote nyumba moja. Mmeangalia moja.”

Hakunifukuza. Aliniuliza taratibu hiyo nyumba moja ni ya nani, jambo ambalo ubaoni halikuandikwa. Watu wakaangalia vikombe vyao. Shangazi Tumpe, mchuma chai aliyepanga vyumba viwili pale Makandana, akaweka cha kwake chini. “Waje kwangu,” alisema. “Tutabanana.”

Tulibanana kweli, miguu ya huyu usoni kwa yule, na Lusajo akaendelea kulivuta sikio langu. Leo watano sisi tuna nyumba tano, kila moja na geti lake. Shangazi hawezi tena kujichotea maji, na wiki nzima kundi letu la WhatsApp linampangia zamu: mwezi kwa huyu, mwezi kwa yule, mama wa watu abebwe na begi lake. Nimesoma nikakaa, nikasimama, nikazunguka meza. Asubuhi hii Lusajo ndiye kauliza aanzie kwa nani. Nimemjibu kwamba Shangazi anakuja kwangu na hahami tena. Kisha nikaenda kutoa masanduku kwenye chumba cha wageni, ambamo mgeni hajawahi kulala.