Gari la dizeli kugoma kuwaka asubuhi: nililaumu baridi ya Tukuyu, nusura nimuue mama

Wakuu, za huko mliko. Mnisamehe uandishi. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nina van ya dizeli, nabeba ndizi na abiria wachache kutoka Kisiba kwenda Tukuyu mjini.

Miezi kadhaa ilikuwa inasumbua asubuhi. Stata inazunguka weee, moshi mweupe, kimya. Ikishawaka, siku nzima haina tatizo.

Kila mtu akaniambia ni baridi. Nikabadilisha betri, nikabadilisha pulagi za kupasha injini. Wapi!

Nikafanya tunachofanya wengi huku milimani. Nalaza gari mteremkoni, upande wa juu wa nyumba, pua imeangalia bondeni, gia nimetoa, jiwe chini ya tairi. Asubuhi natoa jiwe, gari linateremka, natia gia ya pili, linawaka. Handbreki ilishakufa kitambo (msinitukane, najua).

Jiwe lenyewe lilikuwa figa moja la jikoni kwa mama. Aliniuliza liko wapi, nikajifanya sijasikia. Akaweka tofali mahali pake.

Juzi mvua ilinyesha mpaka kukapambazuka, mvua yetu mnaijua. Niko nanawa uso, nikasikia kishindo.

Kutoka nje, gari halipo juu. Limeteleza na jiwe lake, limepita uani, limebomoa ukuta wa jiko, limekwamia kwenye migomba.

Na saa ile kila siku mama huwa ameinama humo anawasha moto.

Wakuu, nilisimama tu naangalia kifusi cha ukuta.

Mara mama akatokea nyuma ya nyumba na majani ya maboga mkononi. Alienda kuchuma mboga kwanza. Akaliangalia jiko, akaniangalia mimi.

"Mwanangu, gali lako limenifuata mpaka jikoni. Ndaga Kyala, asante Mungu, sikuwemo."

Nikakaa kwenye matope nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Majirani wakalivuta gari mpaka uani. Nikamwita Fundi Shabani kutoka mjini. Hakugusa kitu, aliuliza kwanza.

"Likiwa pua chini, umewahi kuliwasha kwa stata tu, bila kuliachia literemke?"

Nikakumbuka, mara mbili tatu. Liliwaka chapu.

"Na tambarare?"

"Linagoma."

"Basi siyo baridi, ndugu yangu. Baridi haijui mteremko."

Akanieleza. Tenki liko nyuma, na kuna mahali gari linavuta hewa. Likilala tambarare, dizeli inarudi kwenye tenki, asubuhi pampu inavuta upepo. Likilala pua chini, dizeli inabaki mbele.

Kumbe siku zote hizo sikuhitaji kuliachia literemke!

Akaunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kabla ya pampu. Tukapiga stata: mapovu kama soda. Akafuata mpira wa dizeli kwa vidole mpaka kwenye filta. Pale palifungwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na chini yake kuna ufa mdogo kama ukucha.

"Nani alifunga hii?"

Mimi. Nilibadilisha filta mwenyewe, klipu ikakatika, nikafunga tyubu nikisema kesho nitanunua klipu. Nikasahau kabisa. Hata harufu ya dizeli nilikuwa naisikia, nikadhani ni nguo zangu.

Mpira mpya, klipu mbili, akapampu kwa mkono kutoa hewa. Likawaka stata ya kwanza, tambarare. Sikufurahi hata kidogo.

Nilichojifunza: dizeli ikigoma asubuhi halafu mchana ni nzima, kagua hewa kabla ya kununua chochote. Usisubiri uone mafuta yanadondoka, hewa inaingia kimyakimya. Na handbreki si pambo. Yangu imetengenezwa jana.

Jioni ya siku ile ya ajali nilimkuta mama kwenye jiko lisilo na ukuta. Ametoa tofali, amelirudisha figa lake mahali pake, ameteleka sufuria.

"Hili nilikuwa nalitafuta," akasema, akanipa kigoda nikae.

Wadau mnaolaza magari kwa jiwe, tiririkeni hapa chini. Ila kabla hujaandika, toka nje kwanza uangalie gari lako likiteleza litaishia kwa nani.