Boksi la Shilingi Tisini

Mzee Jailos, mume wa shangazi yangu Damari, alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kanisa lililokuwa na meza moja na kitabu kimoja. Mwalimu alikaa upande wa kitabu, yeye akakaa ng'ambo. Kwa kuwa alikuwa mtu wa bidii, herufi zote alizijua, ila alizijua kutoka kule alikokaa. Baadaye Biblia ilimnyoosha, akasoma vizuri kama mtu mwingine yeyote, lakini mkono ulikuwa umekwisha kuzoea jina lake. J yake aliiandika kichwa chini, ikawa kama mkongojo uliosimamishwa. Ilikuwapo kwenye jembe lake, kwenye debe la mafuta, hata chini ya kiti chake cha kanisani. Mbeya nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyeandika J ya namna hiyo.

Alikuwa mzee wa kanisa mwenye lori. Lori lenyewe alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekata tamaa na dhahabu ya Makongolosi, na nadhani mzungu yule alikuwa amekata tamaa na lori pia. Lilikuwa linachemka. Likipanda mlima wa Inyala na mzigo, mvuke ulitoka mbele hadi dereva haoni njia. Watu waliliita Birika.

Mwaka 1956, mpunga wa Chimala ulipoanza kuvunwa, Mama Evarista alimwita. Mama huyu alikuwa mjane mwenye ghala kubwa la mchele pale Chimala, na msimu uliotangulia mchele wake ulilala siku mbili mlimani juu ya Birika, mnunuzi akachoka kungoja akanunua kwingine.

"Mzee Jailos," alimwambia, "mimi nauza mchele, siuzi chai."

"Pole, mama. Ni pampu ya maji imechoka."

"Basi weka nyingine. Na iwe ya kampuni, kutoka Iringa kwa wakala. Sitaki hizo wanazofungia gazeti. Uje na boksi lake nilione kwa macho yangu. Baada ya wiki mbili, Jumatatu asubuhi, naanza kusafirisha. Usipokuja na boksi, kazi ya msimu wote nampa Isakwisa."

Isakwisa alikuwa na lori jipya ambalo halijawahi kupewa jina la chombo cha jikoni. Na kwa Mzee Jailos msimu wa Chimala ndio uliokuwa mwaka. Miezi mingine lori lilibeba kuni na wageni wa harusi, na wageni wa harusi hawalipi.

Fundi wake, Silvester, kijana wa Kihehe aliyefanya kazi nyuma ya soko, alimshauri aulize kwanza bei ya hapo hapo mjini. Ndipo akaenda kwa Bwana Nathu, Mhindi aliyeuza spea pamoja na chumvi na vitenge. Bwana Nathu alitoa pampu moja iliyofungwa gazeti.

"Shilingi sitini."

Mzee Jailos akaigeuza, akaizungusha, akainusa. "Imetengenezwa wapi hii?"

"Uingereza."

"Na ile ya wakala wa Iringa?"

"Uingereza."

"Ya kule ni shilingi mia na hamsini. Sasa tofauti yake ni nini?"

"Boksi," akasema Bwana Nathu.

Mzee Jailos hakupenda jibu hilo. Aliona kama anataniwa. Hata hivyo, sitini ni sitini, na huenda akabadili nia, kwa hiyo akafanya kama tulivyozoea sote tunapochagua jembe dukani kabla ya kwenda kuuza maharage ili kupata fedha: alichukua msumari akaikwaruza pampu chini, mahali pasipoonekana, asije akabadilishiwa. Akaweka J yake.

Usiku huo aliomba, na asubuhi alimwambia shangazi kwamba amepata mwanga. "Mama Ikupa, kitu cha kweli hakivai gazeti."

"Biblia yako tulifunga gazeti jalada lilipochanika," shangazi akamjibu.

"Hiyo ni Biblia."

Alipanda basi la Relwe, yaani la shirika la reli, kwenda Iringa, safari ya siku mbili kwa vumbi la wakati ule. Kwa wakala alikuta duka lenye kaunta iliyopigwa rangi na karani aliyevaa tai. Karani hakunusa kitu wala hakuzungusha kitu. Alifungua kitabu kinene, akaweka kidole mahali, akasema, "Shilingi mia moja na hamsini. Sasa hivi hatuna. Lipa, itafika Ijumaa."

"Inatoka mbali?"

"Inatoka kunakotoka spea, mzee."

Jibu hili, ambalo halikuwa bora kuliko lile la Bwana Nathu, yeye alilipenda sana. Alilipa. Akateremka Ipogolo, bondeni chini ya mji, akakaa siku nne kwa rafiki yake Filemoni, akila ugali wa watu na kuwaeleza habari za vitu vya kweli na vitu vya kuiga. Filemoni alikuwa Mkatoliki mvumilivu. Aliniambia mwenyewe miaka ya baadaye kwamba siku ya nne alianza kuombea basi.

Ijumaa boksi likatolewa. Lilikuwa jeupe, na nembo ya kampuni kwa wino wa bluu, limefungwa kamba na kugandishwa lakiri nyekundu, ile nta ya mhuri. Karani aliuliza kama anataka kulifungua ahakiki.

"Hapana," akasema Mzee Jailos. "Kitu cha kampuni hakifunguliwi njiani."

Alilipakata mpaka Mbeya. Mwanamke aliyekaa naye kwenye basi alikuwa na mtoto mchanga mapajani, na watu waliopanda Makambako waliwaamkia wote wawili, wakimpongeza kila mmoja kwa mzigo wake.

Jumamosi jioni Silvester alikata kamba mbele ya mzee na shangazi Damari. Alivuta pampu, akaipangusa, akaigeuza chini juu. Akaipeleka mlangoni penye mwanga.

"Mzee," akasema, "kampuni ya Uingereza nayo ilisomea ng'ambo ya meza?"

Mzee Jailos akaichukua. Mkongojo wake ulikuwa pale, umesimama, mkwaruzo wa msumari ukiwa bado mpya.

Alivaa koti akaenda kwa Bwana Nathu, ambaye hata hakujitetea. Wakala wa Iringa akiishiwa, alisema, humpigia yeye simu ya maandishi, naye hupakia spea kwenye basi la Relwe. Huko Iringa wana maboksi mengi matupu. "Lakini mimi nilikuambia, mzee. Tofauti boksi. Wewe ulitaka boksi."

Kwa kweli alikuwa amemwambia.

Usiku chakula kilipoa. Shangazi akauliza, "Sasa, Baba Ikupa, Jumatatu utamwambia nini Mama Evarista?"

"Nitamwambia ukweli."

"Ukweli upi? Uko wa shilingi sitini na uko wa mia na hamsini."

"Mama Ikupa, mimi ni mzee wa kanisa. Akiniuliza kama ni ya kampuni, siwezi kusema ndiyo."

"Na akimpa Isakwisa kazi?"

Mzee akaligeukia boksi. Shangazi alisema hajawahi kumwona mtu akitazama boksi tupu muda mrefu namna ile.

Jumapili alikaa kanisani kwenye kiti chenye J yake, na siku hiyo hakufundisha habari za manabii wa uongo ingawa ilikuwa zamu yake. Jumatatu alfajiri, pampu ikiwa imekwisha kufungwa, waliondoka, shangazi akiwa ameshika boksi. Alikwenda naye kwa sababu, alisema, mtu akienda kupoteza kazi kwa hiari yake lazima awepo wa kumrudisha nyumbani.

Mama Evarista alikuwa amesimama mbele ya ghala, na lori la Isakwisa liko pembeni, linangoja.

"Boksi liko wapi?"

Shangazi akampa. Mama akalizungusha, akasoma nembo, akagusa mabaki ya lakiri kwa kucha.

"Ni ya kampuni?"

"Mama Evarista," akasema Mzee Jailos, "boksi ni la kampuni. Pampu ni ile ile ya gazeti, ya Nathu wa Mbeya. Ilipelekwa Iringa ikavalishwa. Nimeiwekea alama kwa mkono wangu. Inama uone."

Akafungua boneti. Mama Evarista hakuinama. Alimtazama, akalitazama boksi, kisha akacheka mpaka akashika kiuno.

"Wewe mzee una mambo. Unaogopa watu wakijua umenunua ya bei kubwa watasema umetajirika, ndiyo maana unajidai una pampu ya gazeti? Lakiri hii hapa. Nembo hii hapa. Nimwamini nani, wewe au boksi?"

"Niamini mimi, mama."

"Pakia mchele." Akamgeukia Isakwisa. "Na wewe nenda ukanunue ya boksi, ndipo uje."

"Mama, lori langu ni jipya. Pampu yake haina shida."

"Boksi lake liko wapi?"

Isakwisa hakuwa na boksi.

Birika lilipanda Inyala na magunia arobaini bila kutoa hata mvuke wa kikombe. Lilifanya kazi msimu ule wote na uliofuata, na jina halikufutika.

Wenye malori walikuja nyumbani mmoja mmoja, kuuliza siri. Mzee Jailos aliwaambia wote kitu kimoja: nendeni kwa Nathu, shilingi sitini, mkubali gazeti. Walimshukuru kwa adabu. Wakitoka nje walisemezana kwamba mzee wa kanisa naye ana choyo, hataki wenzake wapate ya kweli. Kisha walikwenda kupanda basi la Relwe kwenda Iringa, na mara nyingine pampu waliyoifuata ilikuwa juu ya basi hilo hilo, imefungwa gazeti, inasafiri nao.