Pampu Chini ya Wimbo wa Mama

Kompyuta ya studio yangu niliijenga mwenyewe, kifaa kwa kifaa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu hapa Mpanda wapo wanaodhani niliinunua ikiwa imekamilika. Nilitoka Nsemulwa na begi moja, nikasoma diploma ya kompyuta Dar es Salaam huku nikifanya ufundi Kariakoo, sikubebwa na mjomba wala shangazi, na niliporudi nilirudi na mashine ambayo Katavi nzima sijaona ya pili. Inapozwa kwa maji. Wenzangu wanategemea feni zinazomeza vumbi jekundu mpaka zinakwama. Yangu ina pampu ndogo iliyokaa juu ya prosesa, inasukuma maji kwenye mirija miwili hadi kwenye rejeta, maji yanaacha joto huko na kurudi yamepoa. Oktoba, bati likichemka juu ya kichwa, mashine yangu ilikuwa inafanya kazi na za wenzangu zinajizima.

Lakini pampu ilikuwa na kelele. Sauti nzito, ya chini, kama mtu anayeguna amefunga meno, na katikati ya mguno huo maji yalikuwa yanabwabwaja. Kwaya zilipokuja kurekodi, waimbaji thelathini wakifungua vinywa kwa pamoja, pampu haikusikika, kwa hiyo sikuhangaika nayo. Nilikuwa nimebandika trei za mayai ukuta mzima, nina maikrofoni nzuri, nina diploma. Nilijiona nimemaliza.

Kisha mama akaambiwa tezi yake ya shingo lazima ikatwe, Mbeya. Daktari hakumficha. Alimwambia mishipa ya sauti ipo palepale karibu na kisu, na anaweza kupona kabisa lakini sauti isiwe ileile. Basi lake lilikuwa Jumatatu. Jumamosi asubuhi dada yangu alimleta studio.

Mama alizaliwa Usevya, kwenye mpunga. Ana wimbo mmoja wa Kipimbwe aliofundishwa na mama yake, wa kuamia ndege. Unaanza kwa kelele kali ya kuwatimua, halafu unashuka, unashuka, hadi mwisho anakuwa kama anazungumza na mpunga wenyewe, kwa sauti ya chini kabisa ambayo mwanamke mwingine hawezi kuifikia. Ndugu zake wote waliokuwa wanaujua wameshakufa. Hakuna aliyekuwa ameurekodi, kwa sababu familia nzima walikuwa wakisema, ngoja kijana arudi na mitambo yake.

Aliimba mara ya kwanza. Nikavaa hedifoni nisikilize. Mwanzo ulikuwa mzuri. Aliposhuka chini, pampu ilikuwa inamsubiri hukohuko, wakaimba pamoja.

"Nini?" dada akauliza.

"Kelele kidogo. Narekebisha."

Dada yangu hakuvuka darasa la saba. Anauza asali. Warina asali wa upande wa Sibwesa wanamletea kwenye ndoo, anachuja barazani, anajaza chupa. Aliinama akaweka sikio kwenye kompyuta yangu, kama wale watu wake wanavyoweka sikio kwenye mzinga kusikia kama kuna nyuki ndani.

"Kina hewa," akasema.

"Hewa gani?"

"Hewa, msomi. Huisikii inavyobwabwaja? Asali nikiimimina haraka inafanya hivihivi. Na hili dude pana umeliweka chini, kinachosukuma umekiweka juu. Hewa si inakimbilia juu? Kilaze ubavu kipumue."

"Dada, wewe una cheti cha nini?"

"Cha ndoo."

Mama alicheka mpaka akashika shingo. Mimi sikucheka. Rejeta niliifunga chini kwa makusudi, ili pampu na taa zake za bluu zibaki peke yake nyuma ya kioo cha pembeni, kila anayeingia azione. Nilijibu kwamba kompyuta si ndoo ya asali, na kwamba mashine inayopitisha maji hailazwilazwi ovyo. Nililisema hilo kwa sauti ya mwalimu.

Nikakata vipande vya godoro nikaviweka chini ya miguu ya mashine. Mguno ukapungua kidogo, kubwabwaja kukabaki. Nikaifunika blanketi. Mama alikuwa katikati ya wimbo mashine ilipojizima kwa joto. Nikaingia kwenye mipangilio nikapunguza kasi ya pampu. Sauti ikawa nzito zaidi, karibu zaidi na ya mama.

"Basi tumia simu," dada akasema. "Kizime hicho, urekodi na simu."

"Simu ni ya kurekodi vikao vya vikoba."

"Mama anachoka, wewe."

"Mara moja tu, mama. Ya mwisho."

Aliimba mara nne. Ya nne alikwaruza. Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaniambia kwa upole ulionichoma kuliko tusi, "Inatosha, mwanangu. Nikirudi, Mungu akipenda."

Jumapili nilimpigia aje tena. Dada ndiye aliyepokea, akasema mama ametoka kanisani, amepumzika, shingo inamuuma. Jumatatu wakaondoka wote wawili.

Alipokuwa Mbeya niliilaza mashine. Niliilaza ubavu, nikainua upande wa rejeta, nikaitikisa polepole. Nikasikia hewa ikipita kwenye mirija, ikipanda, ikiiacha pampu. Halafu kimya. Kazi yote hiyo ilichukua muda mfupi, hata maji ya chai yasingekuwa yamechemka. Nikaifungua, nikaihamishia rejeta juu kabisa, taa zangu za bluu zikazibwa nusu, nikakata tyubu ya baiskeli nikaweka vipande vya mpira chini ya kila skrubu ili mtikisiko usihamie kwenye boksi. Kazi safi. Hakuna fundi hapa ambaye angeifanya vizuri hivyo. Nikakaa na mashine yangu isiyo na sauti, nikimsubiri mama.

Amerudi mzima, namshukuru Mungu. Lakini sauti yake imejaa hewa, haipandi wala haishuki. Akiniita kutoka uani, anapiga makofi.

Nilijaribu kuzisafisha rekodi za Jumamosi. Programu za kuondoa kelele ninazo, na nazijua. Pampu imekaa kwenye noti zilezile za mama. Nikiiondoa, inaondoka na mama, kunabaki pumzi zake na mlio wa kiti.

Siku ya chakula cha kumshukuru Mungu kwa kupona kwake, nikiwa nimebeba sahani, nikausikia ule wimbo. Ulikuwa unatoka kwenye simu ya shangazi. Nikasimama. Dada alikuwa amemrekodi mama ile Jumapili, barazani, wakichuja asali. Kijiko kinagonga ndoo, jogoo anawika, mtu anapita na pikipiki. Na mwisho, chini kabisa, mama anazungumza na mpunga, kila neno linasikika.

"Imerekodiwa vibaya," nikasema. Watu waligeuka. "Jogoo anasikika."

"Jogoo kila mtu anamjua kuwa ni jogoo," dada akajibu, akaendelea kugawa wali.

Wimbo ule uko kwenye simu za mashangazi, za watoto wa Usevya, hata za jirani zetu Wasukuma ambao neno moja la Kipimbwe hawalijui. Mimi dada hajanitumia. Nami sijamwomba. Nina studio, nina diploma, siwezi kwenda kuomba wimbo wa mama yangu kwa muuza asali.

Wateja wanaosifia studio yangu siku hizi wanasifia utulivu wake. Mama naye huja mchana, anakaa kwenye kile kiti cha mbele ya maikrofoni, kwa sababu kuna ubaridi. Wiki iliyopita aliitazama mashine kwa muda, akaninong'oneza, "Umeizima?"

"Inawaka, mama."

Akainama, akaweka sikio kwenye boksi kama dada alivyofanya, akasikiliza.

"Mbona siisikii?"

Nilijifanya nina kazi.