Usipa wa Mama Mkwe

Juzi kwenye duka la dawa hapa Mbinga, foleni nzima tulikuwa tumeziba pua kwa viganja, isipokuwa bwana mmoja mwenye mafua, aliyekumbatia mfuko wa usipa, wale dagaa wa ziwani. Bila shaka walianikwa kwenye mvua.

Muuzaji akampa matone ya pua. "Tumia siku chache tu, kaka. Ukizidisha, pua itaziba zaidi."

Akajidondoshea palepale, akasubiri, akavuta pumzi. Macho yakamtoka. "Jamani, nini kimeoza humu?"

Vidole vyetu vyote vikaelekea kwenye mfuko wake.

"Mungu wangu! Nampelekea mama mkwe kule Kigonsera! Naye ana mafua."

"Basi wahi," muuzaji akasema, "na hayo matone usimwonyeshe."

Akatoka mbio. Nami nikamwombea mama wa watu mafua yamshike hadi amalize kula.