Mfamasia Aliyetoka Dirishani

Wasomaji wangu, wiki hii sina siasa wala bei za sokoni. Jumanne nilikuwa kwa fundi cherehani akinipima kanzu, simu ikaita, nikaambiwa yule mfamasia rafiki yangu amefariki. Maradhi ya ini yalimchukua upesi, zikiwa zimebaki wiki sita tu amalize mafunzo yake ya ubingwa. Nilitoka barabarani kanzu ikiwa bado na pini mabegani, na fundi hakuniita.

Alikuwa na shahada na kazi ya kudumu: kukaa dirishani, kupokea karatasi ya daktari, kutoa dawa. Akaacha yote hayo, akarudi shule na watoto wawili mgongoni, ajifunze kazi ya mfamasia wa wodini, yule anayezunguka na madaktari kitanda kwa kitanda. Mimi nilimcheka. “Dada, madaktari wapo, wauguzi wapo. Wewe wodini utakuwa nani?” Alikulia Tanzania kabla ya kuja huku kwetu, na Kiswahili chake kilinyooka hata akiudhika. “Nitakuwa mtu wa kuuliza,” akanijibu, akaenda zake.

Mwaka jana mama yangu alipelekwa hospitali alikokuwa akifanyia mafunzo rafiki yangu huyo, presha ikiwa imekataa kabisa kushuka. Daktari alikuwa ameshashika kalamu aongeze dozi. Mfamasia akaomba asubiri kidogo, akaketi kitandani, akamuuliza mama dawa zake anakunywa saa ngapi.

“Saa nane, mwanangu. Si waliandika ku karatasi?”

Kwenye pakiti muuza dawa mmoja alikuwa ameandika kwa mtindo wa Kifaransa: 8h, 20h. Alimaanisha saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Mama aliiona nane, akawa anakunywa baada ya adhuhuri.

“Na hii ya ishirini, mama?”

“Ile niliachaka. Saa makumi mbili iko wapi? Ata ku musikiti haiko!”

Wodi ilicheka, na mama naye akacheka, ila mfamasia hakucheka. Alichukua pakiti, akachora jua na mwezi. Daktari akarudisha kalamu mfukoni, dozi ikabaki ileile, na mama akarudi nyumbani na presha iliyotulia. Nilimwomba mfamasia radhi kwenye korido kwa kumcheka siku ile, naye akasema wagonjwa wa namna hiyo huwaona kila wiki.

Hofu yake ilikuwa moja. Nafasi ya mfamasia wa wodini haikuwemo kwenye orodha ya kazi, na akimaliza masomo wangemrudisha dirishani kana kwamba hakujifunza kitu. “Andika, kaka,” alinisihi. “Watu wakijua tunafanya nini, wakubwa watasikia.” Nikaahidi. Kisha kila wiki nikaona kuna jambo kubwa zaidi. Niliandika juu ya mpaka, juu ya barabara, hata juu ya samaki wadogo wa ziwani, sambaza wa Rubona, na yeye hakunikumbusha tena. Nadhani aliona aibu kunisumbua.

Tulimzika Rugerero. Watu walipoanza kutawanyika, mama alinishika mkono. “Sasa nani atatuulizaka?” Hakuna aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na mimi niliyeweza kuisemea nilikuwa nimenyamaza.

Dada yangu, makala uliyoniomba ndiyo hii. Imenifunza, kwa uchungu, kwamba mtu akikuomba umsemee, umsemee angali anaweza kusikia.